Mashine Inayopita Mlangoni

Watu wakisikia kwamba tunachapa fulana, swali la kwanza ni lilelile: mnatumia mashine gani? Anauliza kijana wa kambini anayetaka kuanza, anauliza mfanyakazi wa shirika mwenye daftari mkononi, anauliza hata mwenye nyumba wetu, ambaye mawazo yake yote yako kwenye waya za umeme. Mimi humjibu kila mmoja kwa maswali matatu. Unachapa fulana ngapi kwa mara moja? Umeme wako ukoje? Na ukilazimika kuhama, utaibeba? Asiye na majibu ya hayo matatu, hata nikimtajia jina la mashine nitakuwa nimemtajia jina tu.

Naandika kwa sababu ujumbe wa simu umekuwa mwingi, kutoka Nakivale, kutoka Kyaka, hata kutoka Kakuma. Kila mtu ameona video. Kwenye video mashine inatoa fulana moja nzuri, muziki unapigwa, basi. Video haionyeshi nani analipa umeme, nani anasafisha wino uliokauka, na nani anambembeleza mteja aliyetaka fulana 9 kesho asubuhi kwa ajili ya mazishi.

Sisi tuko Nalufenya, mjini Jinja. Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba unaishi Nalufenya, anakutazama mara mbili. Kwa miaka jina hili lilitajwa redioni kwa sababu ya kituo cha polisi walikozuiliwa watuhumiwa wa kesi nzito, mpaka mwaka 2018 kilipofungwa kama kizuizi maalum. Kwa sisi wa hapa Nalufenya ni mtaa. Kuna hospitali ya watoto, kuna barabara inayokwenda kwenye daraja la mto Nile, kuna mama wa chapati, kuna boda wanaokujua kwa jina. Chumba chetu kina hatua nne kwenda mbele na hatua tatu pembeni. Humo tunachapa, tunahifadhi fulana, na usiku mmoja wetu analala humo kulinda.

Tuko watu wanne. Mama mmoja wa upande wa Bunagana ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la akiba. Mdogo wake ndiye fundi wa kompyuta. Kijana wa Kisoga, mzaliwa wa hapa, ndiye anayeongea na wateja kwa Lusoga na Luganda, maana Kiswahili chetu kikitoka mdomoni wengine wanadhani tumetoka kambi ya jeshi. Wa nne ni mimi, mtu wa Uvira, niliyejifunza kuchapa kwa skrini Nakivale katika mafunzo ya miezi mitatu.

Wenzetu wa mashirika wanajua hili, lakini labda wasomaji wengine hawajui: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Ni haki kubwa, hatuidharau. Lakini msaada uko kwenye makazi. Ukitoka Nakivale ukaja Jinja kutafuta maisha, posho haikufuati kwenye taksi. Na hata kule kwenye makazi, tangu mwaka 2020 chakula kimekuwa kikipunguzwa, na mwaka 2023 watu wakagawanywa kwa makundi ya uhitaji. Kwa hiyo tulipokaa kuamua ni njia gani ya kuchapa tununue, pesa ya sandukuni ilikuwa ndiyo kodi ya nyumba na ndiyo karo ya watoto. Tungechagua vibaya, hapakuwa na mwingine wa kutujazia.

Kwanza tuliangalia kazi yenyewe. Kabla ya kununua chochote tuliandika kwenye daftari, kwa miezi miwili, kila mtu aliyetuuliza fulana: anataka ngapi, rangi ngapi, kitambaa gani, kwa lini. Nawashauri wote mfanye hivyo, daftari ni bei ya chapati chache tu. Letu lilituambia kwamba watu wengi hawataki fulana 300. Wanataka 6 za sherehe ya mapacha. Wanataka 15 za kwaya, 22 za timu ya mpira, kila moja na namba yake. Wanataka 10 za mazishi, na picha ya marehemu. Kutoka Mbale wanataka za imbalu, ile sherehe ya tohara ya Wamasaba inayofanyika mwaka usiogawanyika vibaya, yaani 2022, 2024, 2026. Ukoo unataka jina la kijana wao kifuani, labda fulana 20, na kijana jirani anataka jina lake, fulana 20 nyingine. Hizo 300 zipo, za mashirika na za wanasiasa, lakini zinakwenda Kampala, barabara ya Nasser, ambako maduka ya uchapaji yamepangana mlango kwa mlango. Kule hatuwawezi. Kazi yetu ni hii midogo ambayo mkubwa anaona inamsumbua.

Basi tukapima njia moja moja.

Skrini ndiyo niliyoijua. Unavuta kitambaa chembamba kwenye fremu ya mbao, unakipaka emulsheni gizani, unaweka juu yake mchoro mweusi kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kisha unaiweka juani. Mwanga unapopiga, emulsheni inakuwa ngumu. Pale palipozibwa na weusi inabaki laini, unaiosha kwa maji, inatoka, na hapo ndipo wino utakapopita. Huna karatasi maalum? Chapa kwenye karatasi ya kawaida, ipake mafuta ya kupikia, pangusa vizuri, itapitisha mwanga. Jua la saa sita linaiva haraka, ni suala la dakika chache. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Wino wa maji unakaushwa kwenye kamba, halafu unapigwa pasi ya moto ili usitoke ukifuliwa. Umeme: sifuri. Kwa mtu aliye kijijini Nakivale au Kyangwali, mbali na nguzo, simwambii atafute kingine. Skrini ndiyo mashine yake.

Lakini skrini ina tabia moja. Kila rangi inataka fremu yake. Mchoro wa rangi tatu ni fremu tatu, na kupaka, kukausha, kuanika, kuosha, kupanga rangi zikae mahali pake, nusu siku imekwisha kabla ya fulana ya kwanza. Ukishaanza unakimbia: fulana moja, nusu dakika kwa rangi moja. Kwa fulana 100 hakuna wa kukushinda kwa bei. Kwa fulana 6 unafanya kazi ya bure. Na picha ya uso wa mtu, yenye vivuli vyote, kwa skrini za mkono ni mateso. Zaidi ya hapo inataka maji mengi na mahali pa kuanika. Kwa mwenye nyumba anayelipia bili ya maji kwa pamoja, fremu tatu kwa siku ni ugomvi tatu.

Njia ya pili ni sablimesheni. Unachapa kwa wino maalum kwenye karatasi, unaibana juu ya kitambaa kwenye joto la karibu nyuzi 200, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wenyewe. Ukipitisha mkono husikii kitu, na haibanduki kamwe kwa sababu hakuna kilichobandikwa. Printa yake ni ndogo, inakaa mezani. Kwa jezi za mpira ni nzuri sana. Shida ni mbili. Inataka poliesta, na inataka kitambaa cheupe au cha rangi hafifu, kwa sababu wino huo hauna rangi nyeupe. Wateja wetu wanaleta pamba, tena nyeusi. Ukiibana kwenye pamba, inapendeza siku hiyo, na kwenye ndoo ya kwanza ya kufulia inakwenda na maji. Tukaiweka pembeni.

Ya tatu ni vainili. Ni shuka jembamba la plastiki lenye gundi upande mmoja. Kimashine kidogo cha kukata, kinachobebeka kwapani, kinakata herufi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo. Unachomoa mabaki kwa sindano, unabandika kwa joto la nyuzi 150 hadi 160, sekunde 10 hadi 15. Hakuna wino wa kukauka. Ukikiacha mwezi mzima bila kazi, siku ukikiwasha kinakata kama jana. Kwa majina na namba hakina mpinzani: kila fulana inaweza kuwa tofauti na mwenzake bila gharama ya ziada. Ila picha hakiwezi, na mchoro wenye vipande vidogo vidogo utakuchomoa macho kabla hujamaliza kuchomoa mabaki.

Ya nne ndiyo ile ya video, DTF. Printa inachapa kwenye filamu ya plastiki, rangi kwanza na nyeupe juu yake. Unamwagia unga wa gundi, unaupasha moto uyeyuke, halafu unabana filamu kwenye fulana, joto la nyuzi 150 hadi 165 na sekunde 10 hadi 15, unabandua. Pamba, poliesta, nyeusi, nyeupe, vyote inakubali. Picha ya uso inatoka ilivyo. Moja ni bei ileile na mia. Ukiisikia hivyo unasema, basi tumefika.

Mdogo wake mama alisema tumefika. Alikuwa amepata mtu wa kutukopesha. Printa ndogo ya DTF ilikuwa na bei ya masanduku yetu mawili na nusu, pamoja na kijioveni cha kuyeyushia unga. Aliongea vizuri, na hesabu yake haikuwa ya kitoto: tukiwa wa kwanza Nalufenya kuwa nayo, hata maduka ya mjini yatatuletea kazi.

Mimi nilikuwa na swali la wino mweupe. Weupe wake unatokana na unga mzito wa titani ulioelea ndani ya maji, na kitu kizito kikiachwa kimetulia kinazama. Kikizama kinaziba matundu ya printa, ambayo ni membamba kuliko unywele. Kwa hiyo mashine hii haitaki kupumzika. Inataka ichape au isafishwe kila siku, kazi iwepo isiwepo, na kila kusafisha ni wino unaomwagika. Kwa anayechapa kuanzia asubuhi mpaka jioni si tatizo. Kwa sisi, wenye kazi Jumanne na Ijumaa, tungekuwa tunailisha mashine siku tano ili ifanye kazi siku mbili. Na unga ule ukiyeyushwa unatoa moshi wenye harufu. Chumba chenye dirisha moja, na mtu analala humo, hapana.

Halafu umeme. Jinja ni mji uliojengwa juu ya umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kiwanda cha nguo cha Nytil kilikuja miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mto, kusokota na kufuma pamba ya Uganda. Wazee hapa bado wanakumbuka king'ora cha zamu. Lakini kuzaliwa jirani na umeme si kuwa nao. Sisi tuna Yaka, unalipa kwanza ndipo unawaka, na laini ikikatika inakatika kwa wote, aliyelipa na asiyelipa. Printa ikizimika katikati ya filamu, filamu hiyo imekufa, na wino uko kwenye matundu.

Mama aliyeshika ufunguo alitusikiliza mpaka mwisho. Yeye hakuuliza habari ya wino. Aliuliza: "Iyi mashine inapita ku mlango? Inapanda ku boda?"

Mdogo wake akasema, "Dada, tunaihamisha kwenda wapi?"

Mama akasema, "Bunagana nilikuwa na vyerehani vitatu. Vizuri vya chuma, na meza zake. Nilijiuliza vilevile: nitavihamisha kwenda wapi?"

Watu wakanyamaza. Mwaka 2012 yeye alivuka mpaka na watoto na godoro moja. Cherehani cha meza hakibebwi mgongoni wakati mtoto yuko hapo.

Wafanyakazi wa mashirika wakisema "mashine ndogo" wanamaanisha inayoenea mezani. Kwetu ndogo ina maana nyingine pia. Mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi mwezi ujao. Faili la mtu linaweza kuitwa Nakivale au Kampala wakati wowote. Mmoja akipata safari ya kwenda nchi ya tatu, sehemu yake lazima igawanyike bila kuvunja kazi ya waliobaki. Na deni lenyewe halibebeki kwa boda. Linakungoja pale ulipoliacha, au linakufuata. Mama alisema deni lake la mwisho lilikuwa la vyerehani vile.

Tuliamua hivi, na mpaka leo ndivyo tunavyofanya.

Tulinunua mashine ya kubana kwa joto, ile inayofunguka kama mdomo wa kiboko, uso wake sentimita 38 kwa 38. Uzito wake ni karibu nusu mfuko wa sementi. Inapita mlangoni, inapanda boda. Inakula wati 1,800 ikiwa inapasha, maana yake hata ikivuta bila kupumzika saa nzima haizidi yuniti 1.8 za Yaka. Na kwa kweli inapumzika, kwa sababu ikishafika joto inajizima na kuwaka yenyewe. Saa moja inatosha kubana fulana nyingi kuliko tunazopata kwa siku. Tukaongeza kimashine cha kukata vainili. Fremu zangu za skrini zikabaki zimening'inia ukutani, hazidai chakula.

Na DTF? Tunanunua filamu kwa mita. Kampala wako wenye mashine kubwa zinazochapa mchana na usiku. Wino wao haupati nafasi ya kuzama. Mdogo wake mama anapanga michoro kwenye kompyuta, anatuma faili kwa simu usiku, asubuhi filamu inakunjwa kama mkeka na kupewa dereva wa taksi. Jinja na Kampala ni kama kilomita 80. Filamu ya upana wa sentimita 60, urefu wa mita moja, inabeba picha kubwa 6 za kifua, au nembo ndogo za sentimita 9 kama 60. Hapo ndipo akili yake ya kompyuta ilipopata kazi kweli, kwa sababu faida yetu iko kwenye nafasi zilizobaki kati ya mchoro na mchoro. Kwaya ya Mbale ikilipia nusu mita, ule upenyo wa pembeni anaujaza majina ya watoto wa shule ya jirani. Hatupotezi hata upana wa kidole.

Kwa hiyo mtu akiuliza mashine gani, jibu langu la kweli ni kwamba tuligawanya kazi. Kile kinachokufa kisipofanya kazi kila siku kibaki kwa mwenye kazi kila siku. Kile kinachongoja bila kulalamika kikae kwetu. Kuchapa kunafanyika kule, kubana kunafanyika hapa, na mteja anajua fulana imetoka Nalufenya.

Ubaya wake upo, siufichi. Taksi ikichelewa, sisi tumechelewa. Rangi ikitoka tofauti, hatuna pa kurekebisha mpaka kesho. Anayetaka kitu kwa saa mbili, kama si cha vainili, tunamwambia ukweli aende kwingine.

Lakini kuna usiku mmoja uliotuonyesha kwamba mama alikuwa ameona mbali. Fundi viatu mmoja, mzee wetu wa Kikongo aliyekuwa akikaa upande wa Masese, alifariki. Mjane wake na watoto walitaka fulana 14 nyeusi, picha yake kifuani, jina na miaka chini. Picha ilikuwa moja tu, ya kwenye simu, na humo alikuwa amekata nusu ya sikio. Mdogo wake mama aliisafisha, akaituma, filamu ikaja na taksi ya jioni. Saa mbili usiku laini ya umeme ikakatika mtaa mzima. Mazishi yalikuwa saa nne asubuhi.

Kama printa ingekuwa kwetu, pale pangekuwa mwisho. Lakini filamu ilikuwa tayari mkononi, na filamu haijali joto linatoka wapi. Mama akaenda kwa jirani akaleta pasi ya mkaa. Haina kipimo, kwa hiyo alirusha tone la maji: likicheza na kuruka, joto linatosha, likikaa na kuchemka polepole, bado. Tuliweka fulana juu ya ubao, kitambaa cha pamba juu ya filamu, tukabana kipande kwa kipande, yule kijana wa Kisoga akiegemea kwa uzito wake wote huku mimi nahesabu. Tukaacha ipoe, tukabandua polepole kwa mwanga wa simu. Kwenye fulana mbili ukingo ulijikunja, tukarudia. Saa tisa za usiku zilikuwa 14, zimekunjwa.

Miezi mitatu baadaye nilimwona mjane sokoni. Alikuwa ameivaa ile fulana. Imefuliwa sana, nyeusi yake imeanza kuwa kijivu, lakini uso wa mzee uko. Muuza nyanya, Msoga asiyewahi kumjua, alimwuliza: huyu ni nani? Akasimama akamweleza. Jina lake, kazi yake, viatu vya watoto wangapi alivishona bila kulipwa.

Sisi wakimbizi tumevaa fulana nyingi. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, zinagawiwa. Kuna za chanjo, za kunawa mikono, za kupinga ukatili. Ukipita Nakivale unasoma majina ya mashirika ya dunia nzima migongoni mwa watu wanaolima. Sizisemi vibaya, fulana ni fulana, imenifunika. Ila mgongo wangu umebeba majina mengi ambayo siyajui. Anayetaka fulana moja yenye jina la baba yake, au tano zenye jina la kijiji walichokiacha, hiyo hakuna atakayemgawia. Itabidi pawepo mtu karibu naye anayekubali kuchapa tano. Ndiyo maana naona kazi hii midogo kuwa si ya kuonewa huruma.

Sasa yale ya matumizi, kwa anayetaka kuanza. Kwa daftari letu, rangi moja na fulana zaidi ya 30, tunashusha skrini ukutani. Rangi tatu, skrini inaanza kulipa kuanzia fulana 60 hivi. Chini ya hapo, au kukiwa na picha, ni filamu. Majina na namba tu, vainili. Jezi nyeupe za poliesta, mtafute mwenye sablimesheni mgawane naye. Zile printa zinazopuliza wino moja kwa moja kwenye fulana, za DTG, ziangalie kwa macho tu: zina bei kubwa, zina ugonjwa uleule wa wino mweupe, na fulana nyeusi lazima ipakwe dawa kwanza. Kabla ya kubana, ipashe fulana tupu sekunde chache unyevu utoke. Jinja hii ina unyevu wa ziwa, na unyevu ndio unaobandua kazi za watu. Mwambie mteja asifue kwa saa 24, halafu afue ikiwa imegeuzwa ndani nje, na pasi isipite juu ya picha. Na kama mko wawili kwenye makazi mamoja, msinunue mashine mbili zinazofanana. Mmoja abane, mwingine akate.

Kwa ndugu zetu wa mashirika nina maneno machache, na nayasema kwa heshima. Mkihitaji fulana 300, tunajua zitakwenda kwa mkubwa. Mna taratibu zenu, na TIN, na nukuu tatu za bei. Lakini zigawanyeni. Fulana 40 za wahamasishaji wa kijiji kimoja, zenye jina la kila mmoja, sisi tunazifanya vizuri kuliko mkubwa. Tuambieni mapema, maana siku tatu kabla ya tukio ni siku ya taksi, si ya kazi. Na mlipe upesi. Shirika moja lilitulipa baada ya siku 90. Kwa mwenye akaunti kubwa hiyo ni karatasi. Kwa sanduku letu ni miezi mitatu ya kodi, na mama ndiye aliyekwenda kuongea na mwenye nyumba.

Mwaka huu wa imbalu tayari kuna familia mbili za Mbale zilizopiga simu. Mmoja anataka 18, mwingine bado anahesabu wajomba. Tumewaambia waje na hesabu kwanza, na picha ambayo sikio la mtu halijakatwa. Rangi tutaongea wakishakaa.